Jinsi Bwana Alivyonitoa Mikononi mwa Bosi Maxwell

Bwana asifiwe, kanisa! Naona upande wa akina baba bado mmelala. Bwana asifiwe tena, mpaka wale wa ng'ambo Uganda wajue leo kuna jambo huku Busia!

Kwa jina naitwa Jenifa Amoit, mzaliwa wa Amukura, naishi Mundika, nimeokoka, na Bwana ananipenda pamoja na hizi tabia zangu. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, nashukuru, lakini wewe mwenyewe unajua dakika zako kumi huwa ni ngapi, kwa hivyo na mimi unihurumie. Mama yangu amekuja kutoka nyumbani Amukura. Yule pale, benchi la tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Mama, simama wakuone. Asante, keti. Keti vizuri kabisa, kwa sababu kuna jambo nitalisema hapa ambalo hata wewe hujalisikia, na nimeliogopa wiki nzima.

Ndugu zangu, kazi yangu ni kuandika matangazo. Mnajua kila duka hapa mjini lina spika mlangoni, inapiga kelele kutoka asubuhi mpaka wafunge. Yale maneno hayajiandiki. Ile ya viatu vya mitumba pale sokoni, inayosema, "Mama, hii miguu imekubeba miaka yote, leo na wewe ifanyie kitu kizuri," hiyo ni mimi. Na ile ya duka la rangi hapa ng'ambo ya barabara, ambayo Mchungaji aliikemea katikati ya mahubiri akasema ni kelele za adui? Mchungaji, nisamehe. Adui ni mimi.

Leo nasema "ni mimi" na mdomo haukwami. Lakini mwanzo wa mwaka nisingeweza. Nilikuwa mtu wa kuandika mstari mmoja na kufuta mitatu. Tangu siku ile shuleni mwalimu aliposoma insha yangu mbele ya darasa ili wengine waone makosa, nilijua moyoni kwamba maneno yangu ni ya kufichwa. Nimesomea kazi hii, cheti ninacho, Mama amekitundika ukutani karibu na saa. Lakini nikishika kalamu nasikia sauti inaniambia, "Wewe wa Amukura, nani atakusikiliza?"

Sasa siku ya kwanza nilipeleka tangazo kwa mwenye duka la rangi. Akasoma. Akakunja uso. Akaniuliza, "Hii imeandikwa na nani?" Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Ndugu zangu, mdomo ukasema, "Bosi wangu wa Nairobi."

Yule mzee akasoma tena. Karatasi ileile! Maneno yaleyale! Akaanza kutabasamu. Akasema, "Nilijua tu. Hii ni akili ya Nairobi. Anaitwa nani?" Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya kijana wa suti, na chini yake jina Maxwell. Nikasema, anaitwa Bosi Maxwell.

Hivyo ndivyo mtu alivyozaliwa bila mama, katika duka la rangi, saa nne asubuhi.

Na mniambie, hapa mpakani nani angeuliza? Sisi tumezoea. Lori likipita, karatasi zake ziko kwa ajenti. Mahindi yakivuka, yana ajenti. Mwenye mali hatumwoni, tunaona ajenti na begi lake. Basi na mimi nikawa ajenti wa maneno. Mteja akinipa kazi namwambia, "Nimetuma Nairobi, wanashughulikia." Halafu naenda Mundika, nafunga mlango, naandika mwenyewe. Nikimaliza haraka ndiyo shida, kwa sababu lazima nikae siku mbili ionekane kazi imetoka mbali. Tangazo limekamilika, liko chini ya mto wa kulalia, na mimi niko dirishani nangoja lifike. Mteja akipiga simu kulalamika namwambia, "Sistimu iko chini." Na ananipa pole! Hapa Busia, vile kompyuta za forodha zimetuzoesha, ukisema sistimu iko chini, hakuna mtu anakuuliza swali la pili.

Bosi Maxwell akapata jina mjini. Watu wakaanza kumtumia zawadi. Njugu. Ndizi. Jogoo! "Mpelekee bosi, mwambie asante." Ndugu zangu, ningempeleka wapi yule jogoo? Nilimla. Hata imondo, ile firigisi ya kuku ambayo nyumbani kwetu huwekewa mgeni wa heshima, niliila mimi nikiwa peke yangu, na machozi yananitoka. Nilikuwa nafanya kazi yake, nakula kuku wake, na sifa zote anachukua yeye. Nilianza kumwonea wivu. Mtu hayupo, na ninamwonea wivu!

Sasa kikatokea kitu. Mzee Etyang wa Malaba, wengi mnamfahamu, alikuwa anafungua gesti ya madereva wa malori. Akataka matangazo ya mwaka mzima: spika, redio, kibao, simu, kila kitu. Hii ndiyo kazi niliyokuwa naiombea tangu nitoke chuoni. Nikampelekea tangazo moja la kujaribu. Akalipenda, na yeye akanipa jogoo nimpelekee bosi. Jumatatu akaniita, nikajua leo ni leo. Akaniambia, "Wewe msichana umenisaidia, Mungu akubariki. Sasa nipatie namba ya Maxwell niongee na yeye moja kwa moja. Mimi sipendi ajenti. Ajenti anakula katikati."

Woi! Kanisa, mmenielewa? Nilikuwa nanyang'anywa kazi yangu ili apewe mtu ambaye hajazaliwa!

Na badala ya kusema kweli, nikaongeza. Nikasema, "Mzee, usipige hata simu. Alhamisi Bosi atapita hapa mwenyewe." Mzee akafurahi, akasema atamchinjia kuku.

Jumatano nikanunua laini mpya ya simu. Mpango wangu ulikuwa nimpigie Mzee kwa sauti ya mwanamume, niseme nimepata dharura, na kazi yote apewe Jenifa. Nikajifungia bafuni mchana ule kufanya mazoezi. Nikaweka kidevu kifuani, nikaitoa sauti chini kabisa tumboni: "Halo, Mzee. Maxwell hapa. Huyo msichana ni mzuri sana. Msimwache huyo msichana."

Jirani yangu ni Mama Naliaka, yule wa maombi. Naona anajificha nyuma ya kwaya, lakini leo nakutaja, dada. Alikuwa anaanika nguo. Akasikia sauti ya mwanamume bafuni kwangu, saa nane mchana, anasifu msichana! Aligonga mlango kama polisi. "Jenifa! Fungua! Huyo mwanamume atoke sasa hivi!" Nikafungua. Akaingia. Akaangalia bafuni, chini ya kitanda, akafungua hata pipa la maji. Ai, Mama Naliaka, mwanamume gani angeingia kwa pipa?

Hakupata mtu. Alipata karatasi mezani. Akasoma ya kwanza, akaketi. "Si hii ni ile ya viatu inaimbanga pale soko? Mimi nilinunua viatu juu ya haya maneno. Ni hivi nimevaa." Akaniangalia, nikashindwa. Nikamweleza yote, kutoka kalenda mpaka imondo. Nililia mpaka kwikwi. Akaniuliza swali moja tu: "Kwani Mungu alipokupa maneno alikosea anwani?"

Tukapiga magoti palepale kwenye simiti. Mama Naliaka hajui kuomba polepole. Akaniwekea mkono kichwani, akapaza sauti: "Wewe Maxwell! Muache huyu mtoto! Toka kwa mikono yake! Toka kwa mdomo wake! Rudi Nairobi!" Nikafungua jicho moja nikamwambia, dada, hakutoka Nairobi. Akaniambia nifunge jicho. Majirani walikuwa wamejaa dirishani, na mpaka leo kuna watu Mundika wanaamini niliachwa na bwana anaitwa Maxwell.

Lakini ndugu zangu, chekeni, ila mnisikie. Nilipoinuka pale, nilikuwa mwepesi. Woga ulikuwepo, siwadanganyi. Ila kwa mara ya kwanza niliogopa nikiwa peke yangu, bila mtu wa kujificha nyuma yake.

Alhamisi nikaenda Malaba. Foleni ya malori ilikuwa imelala barabarani mpaka huwezi kuona mwisho. Mzee Etyang alikuwa amevaa koti. Mezani kuku ameiva, na kiti kimoja kimewekwa kitambaa cheupe cha kushonwa. Akachungulia nyuma yangu. "Bosi yuko wapi?"

Nikasema, "Mzee, bosi hayuko. Hajawahi kuwa. Yale maneno yote niliandika mimi."

Madereva na matanboi, wale wasaidizi wao wa lori, waliokuwa wanakunywa chai hapo nje, wakageuka wote. Mzee akamwangalia kuku wa mezani, akaniuliza:

"Na yule jogoo nilituma?"

"Nilimla, Mzee."

"Na imondo?"

"Pia, Mzee."

Akakasirika, na alikuwa na haki. Alisema mtu aliyemdanganya mwezi mzima anaweza kumdanganya hata sasa. Labda hayo maneno nimeiba mahali. Akachukua karatasi, akaiweka mbele yangu. "Haya. Andika hapa, mimi nikiangalia. Ukishindwa, uende na usirudi."

Kanisa, mimi sijawahi kuandika mbele ya mtu! Hata paka nilikuwa namfukuza. Mkono ukatetemeka mpaka kalamu ikagonga meza. Kichwani ikarudi sauti ileile, wewe wa Amukura. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, kama ulinipa, nipe na sasa." Na Bwana hakunipa maneno. Alinipa swali. Nikageuka kwa dereva mmoja, mtu mzima, macho mekundu, nikamuuliza, "Boss, wewe saa hii unataka nini?"

Akasema, "Dada, mimi nataka kutoa viatu tu. Niko kwa hii foleni siku ya nne. Nikilala, watu wanafungua tangi wanaiba mafuta. Ama foleni inasonga, wengine wananipita."

Nikaandika. Sikufuta hata neno moja. Mzee akasema, usinipe, soma kwa spika. Nikashika maiki, nikasoma hivi:

"Dereva, vua viatu. Hapa kwa Etyang maji ni ya moto na kitanda ni chako peke yako. Lori lako tunaliangalia sisi. Lala. Foleni ikisonga, tutakuamsha."

Yule dereva akasimama. Akauliza, "Kweli mtaniamsha?"

Mzee akanigeukia, akaninong'oneza, "Nani ataamsha watu?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Mzee. Si umesikia tangazo?"

Yule dereva akaenda kwa lori lake akarudi na begi. Nyuma yake wawili. Halafu mwingine akapiga kelele kutoka kwa dirisha la lori, "Dada, rudia hapo kwa kuamshwa!" Nikarudia, na safari hii kwa nguvu. Ilikuwa sauti yangu, si ya tumboni, ni hii hii mnayoisikia.

Mzee Etyang alikaa kidogo akiwahesabu wale watu kwa macho. Halafu akavuta kile kiti cha kitambaa cheupe. Akasema, "Keti hapa, msichana." Akanipakulia yeye mwenyewe, na juu ya sahani akaniwekea imondo. Akasema, "Hii sasa kula bila kuiba." Haleluya! Nimekula imondo nyingi za uongo, lakini ile ya Malaba ndiyo nilisikia utamu wake.

Kazi ya mwaka nimepewa. Kibao kimeshapandishwa barabarani, na kwenye kona chini, kwa herufi ndogo, kuna jina la aliyeandika. Si Maxwell. Na Mzee anaamsha madereva mwenyewe na filimbi. Namhurumia, lakini biashara inaenda.

Ndugu zangu, namalizia. Mchungaji, usiangalie saa, namalizia. Kuna mtu ameketi hapa na ana Maxwell wake. Unapika, unasema nimefundishwa na fulani. Unashona, unasema nimeiga tu. Umeimba vizuri, unasema ni maiki. Nakwambia, acha kuwa ajenti wako mwenyewe! Aliyekupa hakukosea anwani. Mtumaini, simama na mkono wako unatetemeka hivyo hivyo, Yeye hana shida na mkono unaotetemeka.

Sasa, Mama. Nimekuacha mwisho kwa sababu wewe ndiye niliyekuogopa kuliko Mzee Etyang. Uliniuliza nimeajiriwa na nani, nikakwambia ni Bosi Maxwell. Ukaniuliza kama ameokoka, nikasema sijui. Kila Jumatano tangu wakati huo umefunga ukimwombea aokoke. Hujaonja hata uji. Najua pia ulikuwa unaongeza maombi mengine, kwamba kama ni mapenzi ya Mungu awe mkwe, na hayo, Mama, samahani sana. Lakini ombi lako la kwanza Mungu amelisikia, na ni Jumatano hiyohiyo alipojibu, wewe ukiwa na njaa kule Amukura na mimi nikiwa magotini Mundika.

Simama, Mama. Mwangalie vizuri. Yule bosi uliyekuwa unamlilia ameokoka, na ndiye huyu anakushukuru.