Kopa Nne za Baba Yenu

Sogeeni, wanangu. Wewe binti yangu kaa hapa ukingoni mwa kitanda, na wewe mdogo wake acha kusimama mlangoni kama mdai; pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja, na ninayotaka kusema ni ya shukrani kuliko ya majonzi.

Najua mnayonong'ona jikoni. Mnataka nikishazikwa mama yenu mdogo ahame vyumba vya chini, kwa kuwa baba yenu mdogo hayupo tena na vyumba vile vingepata mpangaji. Kabla sijawajibu, sikilizeni habari ya karata, maana jibu langu lilianzia huko.

Kila Alhamisi jioni tulikwenda klabu ya wafanyakazi nyuma ya posta, mimi nikitoka kwenye mtambo wa simu masikio yakinivuma, baba yenu akitoka idara ya maji na wino wa ramani vidoleni. Tulicheza briji na daktari wa meno na dada yake. Ni mchezo wa watu wawili wawili. Mwenzako anakaa mbele yako na huoni alichoshika. Kwanza unapita mnada, ambapo kila mtu kwa zamu anaahidi mizunguko atakayoshinda na kutaja turufu, au anasema "pasi", na zaidi ya hapo hakuna neno, hakuna kukonyeza, wala kikohozi cha hila. Mnada ukiwaangukia ninyi, mmoja anacheza, mwingine analaza karata zake wazi mezani na kunyamaza.

Sasa mwaka mmoja baba yenu alimpa mdogo wake vyumba vya chini bila kuniuliza. Mdogo mtu alikuwa ameachishwa kazi na ndiyo kwanza ameoa. Mimi nami nilikuwa nimeshapanga cherehani yangu ikae humo. Nikanuna, wanangu. Nilipika, nikapakua, nikanyamaza. Maneno pekee tuliyobaki nayo yalikuwa ya mnada, kwa sababu tusingekwenda klabu tungewavunjia wenzetu meza.

Jioni moja daktari ndiye aliyeanza, akasema pasi. Baba yenu pasi, dada mtu pasi. Nikasema kopa moja. Baba yenu akajibu kopa mbili, maana yake nina kidogo, usinitegemee sana. Nikapanda tatu, na hilo ni swali: je, unacho cha ziada? Akaniangalia, mara ya kwanza tangu tununiane, akasema, "Nne." Hiyo ni ahadi ya kushinda mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu, minne juu ya sita ya lazima. Alipolaza karata zake nikaona mfalme wa kopa na takataka tupu.

Sikushika karata. Nilihesabu kwanza, na hilo nawausia katika kila jambo: hesabu kabla hujatupa karata ya kwanza, kwani majuto ni mjukuu. Daktari akala kwa ree ya pau na mfalme wake. Pau ya tatu nikaikata kwa turufu. Nikacheza uru, naye akatoa ree ya uru. Mizunguko mitatu tumeshaipoteza, wa nne ungetuangusha, na malkia wa kopa sijui yuko kwa nani. Ndipo nikakumbuka ile pasi. Mtu mwenye ree mbili na mfalme, angekuwa na malkia juu yake, asingenyamaza mwanzoni. Basi malkia yuko kwa dada mtu. Nikamtoa mfalme wa mezani, nikarudi na kopa ndogo kutoka kwa baba yenu, dada mtu akaweka ndogo, nami nikaweka ghulamu. Ghulamu akapita, mizunguko kumi ikatimia.

Njiani nikamuuliza, "Kwa nini ulinipandisha nne na mkono mbovu vile?"

Akasema, "Sikuangalia mkono. Niliangalia anayecheza ni nani." Tukapita maduka mawili matatu, akaongeza, "Vile vyumba nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Ungeniuliza ningekubali," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Nashukuru niliacha kununa. Baba yenu alipopooza, ninyi mkiwa mbali masomoni, ni wale wa chini waliombeba ngazini kila asubuhi aote jua, mume kashika mabega, mke kashika miguu. Mke huyo ndiye aliyemlisha nilipokuwa zamu, na hakuwahi kunihesabia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu ni zaidi ya rafiki.

Basi nausia. Nyumba ni yenu wawili, msiigawe wala msiiuze kwa hasira. Vyumba vya chini ni vya mama yenu mdogo mpaka Mungu amchukue. Cherehani apewe yeye, macho yake bado mazima. Seremala namdai kabati, nimemsamehe.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu awape mwenza wa kuwaamini kuliko mnavyostahili, kama alivyonipa mimi. Awakunjulie njia. Nimekula dunia, wanangu, nimeshiba.

Wewe wa mlangoni, teremka ukamwite mama yenu mdogo. Usimtume mtu, nenda mwenyewe... Mwambie aje akae huku, upande wa dirisha... nataka nimshike mkono.