Kilichokohoa Gerejini

Benchi la Magomeni, pale Kilosa, lilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya gereji ambayo Mgiriki mmoja wa mkonge aliiacha alipofungasha virago. Tangu spea zianze kuadimika, gari lililoingia humo halikutoka, na wanyama nao walishalijua hilo. Popo walishika dari, fungo akageuza kiti cha Landrova kuwa choo chake, na siku moja nyoka alitolewa kwenye boneti akiwa amejizungusha kama feni belti. Mwenye gereji, Fundi Mwinshehe, aliwaita “wageni wangu”, na benchi zima likacheka. Lakini asubuhi hii, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, Fundi hakuwa na kicheko. Alikaa ukingoni mwa ubao, kahawa imepoa mkononi, kwa sababu ya jambo alilolifanya jana alasiri.

— Umemtoa huyo mgeni wako? aliuliza Redio. Jina lake hasa ni Stefano, mstaafu wa reli, ila hakuna habari ya mji iliyopita bila kutangazwa naye.

— Nimemtoa, alisema Mwinshehe. Nilisikia kitu kikijificha nyuma ya Landrova, nikachoma pilipili kichaa kwenye kopo la mkaa, nikafunga mlango. Hazikupita dakika tano kikatokea dirisha la nyuma, kikatokomea kwenye mkonge. Sikukiona. Nilikisikia tu.

— Kilisemaje?

— Kilikohoa.

— Nyani huyo! alidakia Ngumbaru. Huyu ni Mzee Lazaro, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka sitini, na tangu hapo hakuna asilolijua. Nyani wa Mikumi, aliendelea, anakohoa kama binadamu. Nimesoma.

— Umesoma wapi?

— Kwenye karatasi iliyofungia sukari.

— Nyani hapangi spana, alisema Beda muuza kahawa, akipepea mkaa wake.

Mwinshehe alitamani Beda asingelisema hilo. Kwa wiki mbili, kila jioni aliacha spana zake zimezagaa chini, na kila asubuhi alizikuta ukutani zimetundikwa misumarini kwa mpangilio, ndogo kulia, kubwa kushoto. Sasa ikabidi awasimulie wote.

— Kulia kwenda kushoto? Redio aliruka. Basi ni jini, bwana! Tena jini msomi, linapanga kama linavyosoma msahafu.

— Jini msomi haliogopi pilipili, alisema Ngumbaru. Sikilizeni niwaambie. Huyo nyani alifugwa na Mgiriki, akafundishwa kazi. Mgiriki kaondoka, mnyama hakuambiwa. Mpaka leo yuko zamu!

— Kama ni hivyo aandikishwe kijijini akalime, alisema Redio. Asiye na kazi mjini ni kupe.

— Kupe wewe, ndugu, uliyekalia ubao huu tangu alfajiri. Mwenzio anapanga spana!

Walicheka mpaka rimu zikalia. Redio akafuta machozi, akainua kidole.

— Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Ngamani ni kichakani. Mnyama umfukuze, usimfukuze, atarudi kichakani.

— Siyo, mzee, alisema Beda, ambaye ujana wake aliumalizia Bagamoyo. Ngamani ni ndani ya chombo cha baharini, katikati ya tezi na omo. Maana yake mtu azunguke weee, mwisho atarudi kwake.

Mwinshehe akaweka kikombe chini. Kwa miaka kumi na moja mtu mmoja tu aliwahi kutundika spana namna ile katika gereji hii, naye ni Lupakisyo, mwenzake wa kazi, aliyetumia mkono wa kushoto. Mwaka jana makopo matatu ya grisi yalipotea, na Mwinshehe akamtilia mashaka bila kumwuliza. Kwenye mkutano wa kuhama, katibu alisoma jina la Lupakisyo akauliza kama ana kazi hapa mjini. Mwinshehe alitazama viatu vyake akasema, “Kwangu hana kazi.” Lupakisyo hakubisha. Alijifuta mikono kwa tambara, akapanda lori na mkewe na godoro lao, akapelekwa kijiji kipya huko mbele ya Msowero.

Mwezi haujaisha, Mwinshehe akayakuta makopo chini ya mbao za shimo la kukagulia magari. Yamerambwa yakang'aa, meno ya panya yamejiandika pembeni. Hakumwambia mtu. Aliona haya, na haya zikageuka uvivu, na uvivu ukageuka miezi. Na spana zilipoanza kujipanga, moyo ulimwambia ni nani, yeye akaukatalia. Kukubali kungekuwa ni kwenda kumtaka mtu radhi. Mnyama haombwi radhi.

— Na mlango, Fundi? aliuliza Beda taratibu. Asubuhi ulikuwa unaukutaje?

— Umerudishiwa.

— Jini lenye adabu! alisema Redio.

— Redio, hebu nyamaza kidogo, alisema Mwinshehe. Kuna kitu nataka kuwaambieni.

Lakini mwanamke alikuwa akija kutoka barabara ya Msowero, vumbi mpaka magotini, furushi kichwani. Wote walimtambua. Alikuwa Hildegarda, mke wa Lupakisyo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama. Za huko?

— Tunalima. Alitua furushi, akapiga goti mbele ya Mwinshehe. Shemeji, nimekuja kukushukuru. Mwenzio aliponiaga wiki mbili zilizopita nilimwambia, utaenda kumwombaje kazi mtu aliyekukana? Akasema, sitamwomba kwa mdomo. Nitampangia spana zake. Akiziona atajua nimerudi, ataniita mwenyewe. Nikajua hujamfukuza, maana hajarudi.



Hildegarda akafungua furushi, akatoa chupa ya asali iliyochanganywa na mizizi, imezibwa kwa gunzi.

— Nimemletea hii. Kifua chake hakitaki vumbi wala moshi. Eti, shemeji, kikohozi chake kinaendeleaje?

Redio, mtangazaji wa mji mzima, alichungulia ndani ya kikombe chake. Ngumbaru akaokota kipande cha karatasi chini, akajifanya anakisoma. Beda akainamisha birika ili walau mgeni apate kahawa, yakatoka machicha tu.

Mwinshehe alisimama, akatazama kule kwenye mkonge uliokwenda mpaka milimani. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya pilipili kutoka mlango wa gereji, na Hildegarda, chupa bado mkononi, akakohoa.