Ubao wa Gitaa ya Muzee Constant

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Keshero, mimi ni Barthélemy, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, naomba mnivumilie nikisoma polepole, sababu mtaisikia mbele.

Muzee Constant, ambaye tangu 1972, serikali ilipokataza majina ya kizungu, karatasi zake zilimwita Bauma tu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Masisi, akasoma kwa mapadri hadi mwaka wa sita primaire, na mwaka 1949 akashuka Goma kujifunza useremala, kazi aliyoifanya hadi mwisho, akitengeneza viti, milango, na gitaa za wanakwaya. Tarehe 11 Agosti 1956 alifunga ndoa na Mama Julienne, Mungu akawapa watoto watano, wa mwisho ni Philomène, ambaye peke yake alirithi vidole vya baba.

Gitaa yake mwenyewe aliitunza kuliko koti la Jumapili, kila mwezi alilegeza nyuzi, akasugua ubao wa shingo kwa kitambaa kikavu, akapaka tone la mafuta meupe ya farmasi, akapangusa mpaka ubao ung'ae bila kunata, nami nikimwaga mengi alinifokea, "Tia kidogo, panguza mingi!"

Januari mwaka huu wa 1984 figo zilianza kumsumbua, gitaa ikalala miezi mitano, ubao ukakauka, naye akafariki Alhamisi tarehe 14 Juni, akiwa ameniomba niisafishe, ili Philomène ampigie kabla jeneza halijashuka. Jana nilikosa yale mafuta meupe, nikapaka mawese ya jikoni, tena mengi, baridi ya asubuhi ikayagandisha chini ya nyuzi, vidole vinanata, nimeona aibu, na hata sasa naogopa. Philomène yuko pale nyuma ya jeneza, anapangusa ule ubao tangu nilipoanza kusoma, ndiyo maana nasoma polepole.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyetupa alkoli ya kuyeyusha mawese leo asubuhi, jirani yetu Mama Mwasiti aliyechana kitenge chake tupate vitambaa, na maseremala wenzake waliokuja kulegeza nyuzi na kuzikaza tena.

Karatasi yangu imeisha, namtazama Philomène, ameinua kichwa, ameweka kitambaa chini. Kaka, nilitia mengi, binti yako amepanguza mingi, nisamehe, msikilize, upumzike kwa amani.