Mshenga wa Bei Yangu

Mwenyekiti, wakubwa zangu wote, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za mchana. Wenye salamu za dini zao naomba mzipokee zote kwa pamoja, maana nikianza moja moja chai itapoa.

Mwenyekiti ameniambia nisimame niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nilimjibu kwamba mimi si msemaji. Akasema, "Wewe kila Jumamosi unawarekodi wasemaji, huwezi kukosa ulichojifunza." Haya. Nilichojifunza kwa wasemaji ni kwamba watu wanapenda umalize mapema. Na sitamtaja mtu yeyote jina. Kuna mama mmoja yuko humu humu, ameniapia kwamba nikimtaja ataondoka na sufuria la pilau, na nyie mnajua pilau lenyewe ndilo lililowaleta wengine.

Mimi kwetu ni Gairo. Wazazi wangu walilima mahindi na karanga, na dada yangu mpaka leo anauza karanga sokoni kule. Nilikuja Morogoro kusoma chuo. Nilipomaliza, ajira hakuna, nikapata kibarua kwenye studio moja ya picha na video. Mwenye studio akahamia Dodoma. Akaniuliza kama nitamfuata, nikakataa, nikasema nimeshaizoea milima hii, nitajiajiri hapa hapa. Akaniuzia kamera yake ya zamani, nikamaliza akiba yangu yote na ya dada juu yake. Nikapanga chumba Kilakala. Nikawa bosi, nikawa mfanyakazi, nikawa mlinzi, wote ni mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, kutafuta wateja ni kazi ya miguu. Watu wanadhani ukishaweka picha mtandaoni simu itaita. Haikuita. Nikaanza kuzunguka kwa wapambaji wa kumbi, kwa wasusi, kwa wauza vitambaa mjini. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa aliniruhusu nibandike karatasi ya namba yangu kwenye kioo chake, akaisogeza mwenyewe mpaka ikakaa sawa. Lakini walioniletea kazi kwelikweli walikuwa mafundi cherehani. Fundi anaijua harusi hata kadi hazijachapwa. Nilikuwa naenda kukaa kwenye benchi zao, nawasaidia kupanga vifungo, na mteja akija kupimwa fundi anasema, "Huyu binti anachukua video." Hivyo nikapata sendofu za kuwaaga mabinti, nikapata harusi, maulidi, kipaimara, mahafali ya watoto. Kazi hazikuwa haba. Mtu angeniona na begi langu mgongoni angesema yule dada ameshatoboa.

Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye bei.

Niseme ulivyokuwa, na najua wapo humu wanaougua hivyo hivyo. Naitwa kwa mteja. Njiani naisema bei kwa sauti, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyokariri asije akasahau. Nafika. Anatoka baba mtu mzima, mwalimu mstaafu. Nampigia shikamoo, kama nilivyofundwa. Naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, mwanangu." Basi hapo nimekwisha! Ukishampa mtu shikamoo na yeye akakuita mwanangu, utamtajia bei kwa mdomo upi? Chai inaletwa, chapati inaletwa. Mwishoni anauliza, "Sasa mwanangu, hii kazi utatufanyia kwa kiasi gani?" Ile bei niliyoikariri njia nzima inanipotea. Nasikia mdomo wangu unasema, "Usijali baba, tutaelewana."

Mnacheka. Chekeni tu, lakini hiyo tutaelewana hakuna aliyewahi kuiona ikifika. Kazi ikiisha, kila mtu anapewa chake: mpishi, mpambaji, MC, mpaka mwenye jenereta. Mimi naambiwa, "Mwanetu, si unajua harusi ina mambo mengi." Na kuna kamati moja ya harusi iliniweza. Waliniunganisha kwenye kundi lao la simu, nikafurahi, nikajua nimeheshimiwa. Siku ya kusoma michango, mweka hazina akasema, "Dada wa video, mchango wake ni video." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa, msidhani kilichoniuma ni fedha peke yake. Niseme ukweli mbele yenu: nilikuwa mpweke. Kazi yangu ni kukaa kwenye shughuli za watu. Ukumbini kila mtu ana meza yake, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, wajomba na shangazi, marafiki wa kazini. Mimi sina upande. Nasimama nyuma ya kamera mpaka mbuzi wa ndafu analiwa inabaki mifupa, halafu nakwenda kuomba chakula jikoni kwa wapishi kama nimepotea njia. Narudi chumbani, na wiki nzima nakaa na video ile ile, naikata naiunganisha. Namwona mama anamkumbatia binti yake analia, narudisha nyuma, anamkumbatia tena. Nilimjua kila shangazi anavyocheza. Lakini katika nyumba zote zile hakuna aliyejua jina langu. Nilikuwa wa video. "Wa video, sogea huku. Wa video, unatuziba." Kuna wakati nilikuwa nakula ugali wangu mbele ya laptopu, nasikia kicheko cha ukumbi mzima, na mimi natabasamu, kana kwamba nimealikwa.

Ikaja harusi moja ya mlimani. Ukishafika Mlali unaanza kupanda Uluguru, njia ya pikipiki inaishia, unamalizia kwa miguu. Familia ile niliwaambia tutaelewana, kama kawaida yangu. Nikapanda na begi na stendi ya kamera, mvua ikanikuta njiani, nikaifunika kamera kwa koti langu, mimi nikalowa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walinipokea vizuri sana. Walinipa khanga kavu, wakaniweka karibu na moto, nikala nikashiba. Nilirekodi siku nzima kwa moyo wangu wote. Wakati wa kuondoka, akaja mjomba wa bibi harusi, ambaye kule ndiye mwenye neno katika ukoo. Akanipa mkungu wa ndizi na maharage kwenye mfuko, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikajikaza, nikasema, "Mjomba, na ile kazi?" Akashangaa kweli. Hakuwa anajifanya. Akasema, "Mwanangu, sisi hukututajia bei. Kwetu huku asiyetaja bei amekuja kusaidia. Tumekupokea kama mtoto wa nyumbani."

Nikashuka mlima na ndizi zangu. Sikuweza kumkasirikia. Ningemkasirikia nini, na maneno yale nilikuwa nimeyatafuta mwenyewe? Ila nililia njia nzima, maana mtu ameniita mtoto wa nyumbani na mimi najua sitaiona nyumba ile tena.

Ile mvua ikaniletea homa. Nililala chumbani, natetemeka, sina wa kunichotea maji. Mama mwenye nyumba alidhani nimesafiri, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa kutoka na kurudi bila kuaga. Simu ilikuwa inalia. Kila ikilia nanyoosha mkono, nadhani kuna mtu amenikumbuka. Nasoma: "Dada, video yetu imefikia wapi?" Nasoma nyingine: "Mambo, ile harusi lini tunaiona?" Ndugu zangu, nimeingia kwenye nyumba za watu wengi wa mji huu, nimeona vyumba vyao na machozi yao. Siku ile hakuna hata mmoja aliyejua ninakolala. Niligeukia ukutani nikasema, basi. Nitauza kamera, nitarudi Gairo, nitakaa na dada yangu tuuze karanga. Karanga zina bei kwenye debe, hakuna wa kukuita mwanangu ukasahau.

Nilipopata nafuu nikaja hapa kwenye kikundi chetu cha hisa kuaga. Mtakumbuka nilivyokuwa nyakati zile. Nafika, naweka hisa zangu, naondoka kabla ya chai. Wengi wenu hamkujua ninafanya kazi gani. Nikasimama pale mlangoni nikasema nashukuru, najitoa, narudi kwetu, nauza kamera, maana kazi zangu za tutaelewana hazijawahi kunilipa. Mkasema pole, mkasema haya, safari njema. Ndipo yule mama nisiyemtaja akaacha kumenya vitunguu akauliza, "Hiyo kamera unamuuzia nani?"

Nikasema, "Kuna kijana mmoja anaitaka."

"Kwa bei gani?"

Nikasema, "Tutaelewana."

Mkacheka wote, mimi sikujua mnacheka nini. Yeye hakucheka. Alinitazama nikatamani ardhi ipasuke. Akasema, "Yaani hata kuondoka unaondoka kwa tutaelewana? Hebu kaa hapa."

Nikakaa. Nikamweleza yote, shikamoo na chapati na mlima. Mama yule ana mdomo, mnamjua, lakini siku ile alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Dada yako alipoposwa, muoaji alikuja mwenyewe kwenu kuzungumza mahari?"

"Hapana. Alituma mshenga."

"Kwa nini asije mwenyewe? Hana mdomo?"

"Anao. Ila mambo yale mwenyewe hawezi. Anaona haya."

Akasema, "Sasa wewe nani alikwambia uende peke yako?"

Jamani. Miaka yote nilikuwa najiona mjinga, najiona mwoga. Kumbe nilikuwa mtu asiye na wa kumsemea. Nililia mbele yenu, na mmoja wenu akanipa ukingo wa khanga yake nijifute, nami sikuondoka kabla ya chai.

Wiki iliyofuata nilipata mwito wa harusi hapa hapa mjini. Mama akavaa kitenge chake kizuri, tukaenda. Mimi nikapiga shikamoo yangu. Yeye akasema, "Habari za hapa, mwenzangu," kwa sababu mama wa bibi harusi ni rika lake. Chai ikaja, akanywa. Chapati ikaja, akala, akaomba nyingine. Kisha akasema, "Sisi tumekuja kwa ajili ya kazi ya binti yetu," akataja bei. Aliitaja kama mtu anayetaja bei ya sukari. Halafu akanyamaza.

Ule ukimya sitausahau. Mimi nilitaka kuingia chini ya kochi. Mdomo wangu ulishaanza kutengeneza ile tutaelewana, mama akanikanyaga mguu. Mama wa bibi harusi akasema, "Mwenzangu, si mtupunguzie?" Mama yetu akamjibu, "Tutapunguza. Ila tukipunguza bei tunapunguza na kazi. Mnaacha sendofu au mnaacha harusi?" Akaongeza kwamba kuna kishika uchumba cha kutanguliza kabla kamera haijatoka kwenye begi. Na akasema, "Halafu binti yetu anakaa mezani. Sahani yake iwe kwenye hesabu ya wageni."

Wakakubali, ndugu zangu. Walikubali bila ugomvi, na chapati za njiani tukafungiwa.

Tulipotoka nje nikamkumbatia mama pale pale njiani. Akadhani ni furaha ya fedha. Haikuwa hiyo. Ni lile neno, binti yetu. Nimeitwa mwanangu mara nyingi na watu waliotaka kupunguziwa. Huyu aliniita binti yetu akapandisha bei.

Sikuuza kamera. Lakini nisiwadanganye kwamba sasa kila kitu ni sherehe. Kazi yangu bado ni ya mtu mmoja. Bado kuna siku nzima za kukaa chumbani na vicheko vya watu wengine, na Jumapili nyingine nikimaliza kufua sijui niende wapi. Upweke haukuhama, ila sasa unabisha hodi na mimi naweza kufunga mlango nikaja huku.

Juzi kati mama alikuwa amesafiri, nikaitwa na mteja, nikaenda peke yangu. Mzee akaniita mwanangu, nikaitika. Akauliza bei. Nikaitaja yote, nikanyamaza, nikakanyaga mguu wangu mwenyewe. Mzee akasema ni kubwa mno, hawaiwezi. Nikamshukuru, nikanywa chai yake, nikaaga. Nimekosa kazi ile. Nikiwa njiani nikampigia mama simu nikamwambia, "Nimekataliwa!" Akapiga vigelegele kule kule kwenye simu, nikasikia watu wanamuuliza kuna harusi gani.

Nawashukuru mafundi cherehani walionipa benchi. Namshukuru dada yangu wa Gairo. Nawashukuru nyie mliocheka siku ile, maana msingecheka ningeondoka. Na mama, sikukutaja, kaa na sufuria.

Funzo langu ni dogo. Kama kuna jambo huwezi kulisema mwenyewe, usijitukane. Tafuta wa kukusemea kwanza, uje ujifunze kwake ukiwa umekaa pembeni. Na nimalizie kwa hili. Wiki iliyopita, wakati tunatawanyika, nimemsikia dada mmoja wa kikundi hiki akimwambia mteja wake, "Utanipa chochote tu." Sikutaji. Umeinamisha uso, nimeshakuona. Tukitoka hapa nisubiri mlangoni, unionyeshe nyumba ya huyo mteja. Twende wote.