Mguu Ambao Haukuota

Katika basi la Kasungami, Wivine alimsikia mwanamume mwenye mguu mmoja akimwambia jirani yake: "Mama, tulibashinda! Mutuelle ya afya, bale ba bima ya matibabu, balisoma barua yetu, ile sheria balifuta. Kila mwaka kupanda ngazi mpaka etaji ya tatu, kuonyesha muguu haiyaota, ao banakunyima dawa!"

"Na kama ingeota?" mama akauliza.

"Ningeshuka mbio!"

Abiria wakacheka. "Ile sheria batairudisha tu, papa," mama akabisha.

"Bajaribu!"

Marehemu mume wa Wivine, Liévin, kipofu, alipanda ngazi zilezile miaka tisa kuthibitisha kwamba bado haoni. Basi liliposimama, alimgusa mwanamume begani. "Papa, Liévin wangu aliweka alama ya kidole kwa ile barua."

"Liévin? Kidole yake njo ya kwanza kabisa, mama!"

Wivine akashuka kichwa juu, mke wa mshindi.