Alitoka Saa Kumi

KARANI: Haloo, ofisi ya mahudhurio. Nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Ni mimi, wifi. Simu ya nesi hii, nisikie haraka.

KARANI: Ee wifi! Kaka yangu ameamkaje?

MAMA PACHA: Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Wifi, bima wamekataa!

KARANI: Wamekataa? Kwa nini?

MAMA PACHA: Wanasema aliumia saa kumi na dakika kumi, na karatasi yenu inasema alitoka saa kumi. Eti hakuwa kazini. Sasa alikuwa anatafuta nini kwenye mashine ya kukata maboksi, upepo?

KARANI: Saa kumi...

MAMA PACHA: Mume wangu hata nyumbani hajawahi kufika kabla ya saa kumi na mbili. Leo mnamtoa saa kumi! Wifi? Umenipotea?

KARANI: Nipo... mtandao tu. Wifi, juzi hakuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio wakati wa kutoka.

MAMA PACHA: Angewekaje, jamani? Kidole chenyewe si ndicho—

KARANI: Najua. Asiyeweka kidole anajaziwa saa kumi, mwisho wa zamu. Kila siku wapo wanaosahau.

MAMA PACHA: Anajaziwa na nani?

KARANI: Na mimi.

MAMA PACHA: Wewe?

KARANI: Nilisikia makelele kule kwenye mashine. Nikasema nimalize ukurasa kwanza. Jina lake nililipita kama majina mengine, wallahi sikulisoma.

MAMA PACHA: Haya. Haya, basi futa. Andika ukweli, uwatumie sasa hivi.

KARANI: Ikishatumwa makao makuu inafungwa. Siwezi kuigusa.

MAMA PACHA: Mwambie meneja ni wewe uliyeandika!

KARANI: Nimemwambia tangu asubuhi. Akanipa karatasi nyeupe, nijieleze kwa nini nilijaza saa ambazo sikuziona. Wifi, yeye ndiye aliyenifundisha kujaza! Nimeandika, nimetuma. Wanajibu baada ya siku saba.

MAMA PACHA: Siku saba? Daktari amesema saa nane!

KARANI: Saa nane ya lini?

MAMA PACHA: Ya leo! Bima ikikubali anahamishwa kwa wale wanaoshona mishipa. Isipokubali wanakata. Vidole vitatu, wifi. Saa hizi ni saa saba na... nesi, saa ngapi? Na robo.

KARANI: Mungu wangu.

MAMA PACHA: Piga simu huko makao makuu!

KARANI: Nimepiga mara sita. Wanasema nisubiri, halafu inalia muziki, halafu inakatika.

MAMA PACHA: [analia] Sasa nifanyeje? Niambie wewe mwenye kalamu.

KARANI: Sijui. Wifi, sijui.

MAMA PACHA: Basi njoo. Usimame tu hapa.

KARANI: Getini hawafungui bila saini ya meneja, na meneja ametoka.

MAMA PACHA: Unatoka saa ngapi?

KARANI: ...Saa kumi.

MAMA PACHA: Saa kumi!

KARANI: Wifi, nisamehe—

MAMA PACHA: Kaka yako anauliza naongea na nani.

KARANI: Mwambie ni mimi. Mwambie—

MAMA PACHA: Anacheka, masikini. Anasema dada yake yupo ofisini, hatakosa la kufanya.

KARANI: Nipe niongee naye.

MAMA PACHA: Nesi anataka simu yake. Haya wifi, njoo hiyo saa kumi. Utatukuta. Watakuwa wameshamaliza.