Nusu ya Njia Kwenda Honolulu

Tarehe 30 Juni, Anti Haunani Kahananui anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuhudumia abiria angani, karibu yote kwenye safari moja: San Francisco hadi Honolulu. Ni kilomita elfu tatu na mia nane na ushee, bahari tupu, hakuna hata kisiwa cha kutua njiani. Kwenda ni zaidi ya saa tano kwa kuwa upepo unatupinga. Kurudi hazifiki tano, maana unatusukuma.

Alianzia kaunta ya mizigo, na hadi leo akilitazama begi lako tu anakuambia limezidi. Amefundisha wahudumu wengi, mimi nikiwemo, na kila alfajiri alituletea vibumba vya wali na nyama ya kopo alivyovifunga mwenyewe. Ukijifanya huna njaa, umekwisha. "Urembo haushibishi, mdogo wangu. Kula!"

Abiria wanamjua zaidi kwa mchezo wa nusu njia. Rubani anatangaza umbali, mwendo wa ndege na nguvu ya upepo. Abiria wanakisia saa tutakayofika katikati. Aliyekaribia zaidi anapewa chupa ya divai. Anti aliuendesha kama fainali ya kombe. Maharusi fulani walinuniana kwa kubishania dakika mbili, akawatenganisha viti hadi wakacheka wenyewe. "Ndoa mbichi hii, msije mkaivunjia juu ya maji!"

Januari moja mchezo huohuo ulimgeukia. Ndiyo kwanza amkabidhi mshindi chupa yake, abiria mwingine, Mzee Masaru Higa, mkazi wa Kalihi hapa Honolulu, akapatwa na mshtuko wa moyo. Rubani akageuza ndege kurudi San Francisco. Mke wa mzee, Bi. Fumiko, akamfokea Anti: "Mnarudi wapi? Si mmetangaza sasa hivi kwamba tumepita nusu? Kwetu ndiko karibu! Mwongo mkubwa wewe!" Ndege nzima ikamuunga mkono, mshindi akiongoza na chupa yake mkononi.

Anti hakupandisha sauti. Alipiga magoti kando ya kiti, akamshika mama yule mkono. "Mama, kwa kilomita, kwenu ndiko karibu. Kwa saa, siko. Upepo wa leo ni mkali. Tukienda mbele tunachelewa karibu saa nzima, tukirudi unatubeba. Mimi namtaka Mzee afike hai." Bi. Fumiko akalia. Anti akabaki sakafuni na chupa ya oksijeni hadi rubani alipoamuru tufunge mikanda.

Madaktari walisema saa ile moja asingeimaliza. Mzee Higa aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na wajukuu wake wote wamezaliwa baada ya siku ile. Nimefanya kazi na watu hodari wengi, lakini sijawahi kujivunia mwenzangu kama nilivyomjivunia Anti siku ya mazishi ya Mzee. Sisi wa kampuni tulijikalia nyuma kabisa, kama wageni. Bi. Fumiko akasimama, akatutafuta kwa macho, akaita mbele ya watu wote: "We Haunani, huko nyuma unafanya nini? Watoto wangu wanakaa huku mbele."

Anti, asante kwa kutulea. Uwe na afya njema na miaka mingi ya raha nyumbani kwako Waimanalo.